Abebe Bikila, Tunayemkumbuka Katika Mbio Zetu za Mwaka Huu



Mwaka huu mbio zetu za hisani zina jina. Kamati ilipokaa kulitafuta jina hilo, mapendekezo yalikuwa mengi. Wapo waliomtaka John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 huku akichechemea na goti limefungwa bandeji. Wapo waliosema tusiende mbali, tutafute mchezaji wa mpira wa hapa hapa Rufiji. Mimi kazi yangu katika chama ni kushika daftari la hesabu, na kwa kawaida kwenye mikutano huwa nasubiri kipengele cha mapato na matumizi. Siku ile nikanyoosha mkono nikataja Abebe Bikila wa Ethiopia. Mzee wetu mmoja akauliza Mhabeshi aliyefariki mwaka 1973 anatuhusu nini sisi watu wa korosho na ufuta. Swali lake lilikuwa la haki, nami niliahidi kulijibu kwa maandishi katika kijarida hiki.

Kwanza jina lenyewe. Wahabeshi hawana majina ya ukoo kama ya Wazungu. Mtu hutaja jina lake, kisha la baba yake, kama sisi tunavyosema Juma Salum. Kwa hiyo mtu wetu ni Abebe, na Bikila ni baba yake. Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Shewa, baba yake akiwa mchunga mifugo. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, marathoni ya Olimpiki ilikuwa ikikimbiwa Los Angeles. Kijijini kwao hakuna aliyejua.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mwaka 1935, majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia. Mwaka uliofuata yaliingia Addis Ababa, Mfalme Haile Selassie akaenda uhamishoni, na familia nyingi zikahama vijiji kukimbia vita, ya kina Abebe ikiwa mojawapo. Waitaliano walitolewa mwaka 1941. Katika vitu walivyovichukua kulikuwa na mnara wa jiwe wa kale kutoka Axum, wenye urefu wa zaidi ya mita 20, wakaenda kuusimamisha katikati ya Roma. Naomba msomaji auweke akilini mnara huo, tutakutana nao tena.

Abebe alikua akichunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa Kihabeshi wa magongo unaotaka mbio nyingi. Akiwa na miaka ishirini hivi alikwenda Addis Ababa na kuandikishwa katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme. Makazi yake yalikuwa upande wa vilima vya Sululta, na kwa muda mrefu alikuwa akikimbia kilomita 20 kwenda mjini na kurudi. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mtu aliyezoea kukimbia huko akishuka chini pumzi hazimsumbui. Sisi wa pwani tukipanda huko tunahema kwa ngazi tu za hoteli; najua, maana nilipita Addis Ababa mara moja nikiwa safarini.

Kikosi hicho kilikuwa na mwalimu wa michezo, Onni Niskanen, Msweden mwenye asili ya Ufini. Ndiye aliyemwona Abebe na kuanza kumfundisha kwa mpango. Abebe alianza marathoni akiwa mtu mzima kabisa. Mwezi Julai 1960, akikaribia kutimiza miaka 28, alishinda marathoni yake ya kwanza pale Addis Ababa. Mwezi mmoja baadaye alishinda tena kwa muda wa saa 2, dakika 21 na sekunde 23. Muda huo ulikuwa bora kuliko rekodi ya Olimpiki ya Emil Zátopek, Mcheki aliyekuwa akisifiwa dunia nzima, lakini nje ya Ethiopia karibu hakuna aliyeusikia. Niskanen akaandika majina mawili ya kwenda Olimpiki ya Roma: Abebe Wakgira na Abebe Bikila.

Hapa ndipo inapokuja habari ya miguu mitupu, ambayo wengi wetu tuliisikia shuleni. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba Abebe alikuwa maskini asiye na viatu. Ukweli ni kwamba viatu vilikuwepo. Alipofika Roma alinunua vipya, vikambana na kumtoa malengelenge. Kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, waliamua akimbie hivyo hivyo. Ulikuwa uamuzi wa kiufundi, na kwa maoni yangu ni vizuri watoto wetu wauelewe hivyo, wasije wakadhani kwamba kukosa viatu ni kipaji.

Mbio zilikuwa tarehe 10 Septemba 1960, zikaanza jioni ili kukwepa jua. Usiku ulipoingia, askari waliokuwa wamepangwa kando ya barabara ya kale ya Appia waliwasha mienge kuwamulikia wakimbiaji. Niskanen alikuwa amemwambia Abebe amchunge Rhadi ben Abdesselam wa Morocco, ambaye ilitarajiwa atavaa namba 26. Kwa sababu fulani Rhadi alivaa namba 185. Basi Abebe, akiwa na namba 11, alikimbia kilomita nyingi akiitafuta namba 26 mbele yake bila kuiona, na wakati huo Mmorocco mwenyewe yuko ubavuni kwake. Kila nikisoma sehemu hii nacheka peke yangu. Katika kazi yangu nimeona watu wakitafuta stakabadhi kutwa nzima na iko mkononi.

Wawili hao waliwaacha wenzao wote. Walipokaribia mwisho waliupita ule mnara wa Axum niliowaomba muuweke akilini, jiwe la kwao Abebe lililosimama katika mji wa waliolichukua. Baada ya hapo, katika mita za mwisho, Abebe aliongeza kasi na Rhadi hakuweza kumfuata. Alimaliza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, sekunde 25 mbele ya Mmorocco. Muda wa haraka kuliko wote duniani ulikuwa wa Sergei Popov wa Urusi, saa 2, dakika 15 na sekunde 17. Abebe aliuvunja kwa chini ya sekunde moja, bila viatu, gizani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa ajili ya nchi ya Kiafrika. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika tulikuwa bado mwaka mmoja na ushee.

Nyumbani alipokelewa kwa shangwe, akapewa nishani na kupandishwa cheo kuwa koplo. Furaha haikudumu. Mwezi Desemba mwaka huo huo viongozi wa kikosi chake walijaribu kumpindua Mfalme wakashindwa. Abebe hakuwa katika njama ile, hata hivyo alikamatwa, akahojiwa, kisha akaachiwa. Kamanda wa kikosi alinyongwa. Hilo huwa halisimuliwi sana kwa sababu linaharibu utamu, lakini linaonyesha kwamba mtu anaweza kubebwa juu juu mwezi wa tisa na kuwa kizuizini mwezi wa kumi na mbili.

Aliendelea kukimbia na kushinda, Ugiriki, Japani, Czechoslovakia. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akawa wa tano. Ndiyo marathoni pekee ya kimataifa aliyoimaliza bila kuishinda.

Mwaka 1964 ulikuwa wa Olimpiki ya Tokyo. Katikati ya Septemba Abebe alianguka mazoezini kwa maumivu ya tumbo, ikawa kidole tumbo, akafanyiwa upasuaji. Mbio zilikuwa tarehe 21 Oktoba, wiki tano tu mbele. Mtu yeyote aliyewahi kupasuliwa tumbo anajua wiki tano baadaye bado unaogopa kuinua ndoo ya maji. Abebe alianza kutembeatembea uani kwa hospitali, akarudi mazoezini, akapanda ndege. Safari hii alivaa viatu. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia. Basil Heatley wa Uingereza, ambaye ndiye aliyekuwa na rekodi hadi siku hiyo, alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Watu uwanjani walimwona Abebe, baada ya kukata utepe, akilala kwenye nyasi na kunyoosha viungo kama mtu anayejiandaa kuanza. Alikuwa wa kwanza duniani kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mfalme alimpandisha tena cheo, akampa nyumba na gari aina ya Volkswagen, lile dogo la mgongo wa kobe ambalo wazee wetu walikuwa wakiliona Dar es Salaam miaka ile. Abebe akajifunza kuendesha.

Mwaka 1968 alikwenda Mexico kujaribu mara ya tatu, mguu ukiwa na jeraha. Baada ya kilomita 17 hivi alishindwa kuendelea akatoka. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeishindia Ethiopia dhahabu siku hiyo. Waliomtaka Akhwari kwenye kamati watafurahi kusikia kwamba ni mbio zile zile. Tarehe 20 Oktoba 1968 Abebe Bikila na John Stephen Akhwari walisimama kwenye mstari mmoja wa kuanzia, mjini Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Bingwa wa dunia alitoka njiani, na mtu wetu wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti na bega, akafika wa mwisho, wa 57, watu wengi wakiwa wameshaondoka uwanjani. Sioni aibu katika matokeo ya yeyote kati ya hao wawili.

Sasa nafika kwenye jibu la mzee wetu.

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha ile Volkswagen kurudi Addis Ababa. Gari liliacha njia na kupinduka, naye akabanwa ndani. Hakuna aliyekuja usiku ule. Mtu aliyekuwa maarufu kuliko Wahabeshi wote ukimwondoa Mfalme alilala ndani ya bati lililopondeka mpaka kulipokucha, ndipo akatolewa na kupelekwa hospitali. Uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya. Mwanzoni hakuweza hata kugeuza shingo.

Miaka michache iliyopita binamu yangu, mtoto wa shangazi, alipanda mkorosho kupogoa matawi. Jioni ikamkuta juu, tawi likamtupa, akaangukia mgongo. Masika ilikuwa imeanza. Tulipigiana simu mpaka chaji zikaisha. Gari lililopatikana lilikuwa la kijiji kingine na mwenyewe alitaka fedha ya mafuta kwanza, na sikumlaumu, maana alishawahi kubeba wagonjwa watatu wasiolipiwa na mtu. Tukachanga. Mimi nilituma kutoka Dar, shemeji akatuma, fedha zikafika saa nane usiku, gari likakwama kwenye tope. Mwishowe vijana walimnyanyua kwa mikono na miguu, wakampakia kwenye bodaboda, mtu mmoja akikaa nyuma kumshikilia asidondoke. Walifanya kwa mapenzi. Baadaye sana daktari alinieleza kwamba mtu aliyeumia mgongo hulazwa juu ya kitu kigumu kilichonyooka, shingo ikazuiwa isicheze, na hapindwi kwa namna yoyote. Hakuniambia kama binamu angeweza kutembea leo, na mimi sikumuuliza.

Narudi kwa Abebe. Siku chache baada ya ajali alipelekwa kwa ndege hadi Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville. Mahali hapo pana historia yake. Mwaka 1944, wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari mmoja Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo. Wakati huo watu kama hao walihesabiwa kuwa ni wa kusubiri kufa, maana vidonda vya kulala na maradhi ya kibofu viliwamaliza haraka. Guttmann aliamuru wageuzwe kitandani usiku na mchana, na wakianza kupata nguvu wacheze: mpira, mishale, chochote. Mwaka 1948 aliandaa mashindano ya watu wa viti vya magurudumu siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Mashindano hayo yakakua mpaka yakaitwa Paralimpiki. Na ya kwanza kabisa yalifanyika wapi? Roma, Septemba 1960, siku chache tu baada ya Abebe kupita chini ya lile tao. Huenda lami aliyoikanyaga ilikuwa haijanyeshewa bado.

Abebe alikaa Stoke Mandeville miezi minane. Malkia Elizabeth alikwenda kumwona, na barua zilimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Taratibu mikono yake ilirudi kufanya kazi. Miguu haikurudi. Mtu aliyekuwa akikimbia kilomita 42 kwa muda ambao mimi nakaa kwenye foleni ya Mbagala alitolewa hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, umri miaka 37.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kinachonivuta zaidi kuliko Roma na Tokyo. Mwaka 1970 alirudi Uingereza na kushindana katika michezo ya Stoke Mandeville, kulenga shabaha kwa upinde na mshale na kucheza mpira wa meza. Hakushinda medali kubwa. Alikuwa mwanafunzi, akianza upya miongoni mwa watu waliozoea viti kuliko yeye. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwenye michezo ya walemavu. Huko akaingizwa katika mbio za kilomita 25 juu ya theluji, mtu akiwa ameketi kwenye kigari cha kuteleza. Mhabeshi huyo wa nyanda za joto la wastani, ambaye theluji haikuwa jambo lake, aliwashinda washindani wote.

Mwaka 1972 alialikwa kama mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya Munich. Alipoingia uwanjani kwa kiti chake, watu walisimama na kumpigia makofi. Mshindi wa marathoni ya mwaka huo, Mmarekani Frank Shorter, alikwenda kumpa mkono baada ya kupokea medali.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe Bikila alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali. Alikuwa na miaka 41, ameacha mke, Yewebdar, na watoto wanne. Maelfu kwa maelfu ya watu walimzika kwa heshima zote za kijeshi, Mfalme akiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata Mfalme mwenyewe alipinduliwa. Ule mnara wa Axum ulibaki Roma mpaka mwaka 2005, ndipo Italia iliporudisha vipande vyake kwa ndege, ukasimamishwa tena Axum mwaka 2008.

Wenzetu wamemkumbuka kwa kukimbia. Mwaka 2010, ilipotimia miaka 50 tangu ushindi wa Roma, marathoni ya mji huo iliwekwa kwa heshima yake. Mhabeshi Siraj Gena alikuwa akiongoza. Zilipobaki mita kama 300 alisimama, akavua viatu, akamaliza miguu mitupu na kushinda. Nimeitazama picha ya video ya tukio hilo mara nyingi. Kinachonishangaza ni kule kusimama: mtu anaongoza, nyuma wanakuja, naye anainama kufungua kamba.

Nilimpelekea binamu yangu habari hizi zote. Siku hizi anatengeneza simu kwenye kibanda pale nyumbani, kiti chake kimewekwa mbao chini ili magurudumu yasizame mchangani. Kuhusu Roma hakusema kitu. Aliuliza Abebe alikaa ndani ya lile gari saa ngapi kabla ya kutolewa, tukahesabu pamoja na saa zake yeye. Tulipomaliza alitaka kujua zile mbio za kwenye theluji alikaa vipi ili asianguke.

Basi, fedha za mwaka huu ni za nini. Tuna m-mama, mpango wa serikali ambao mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura inapigwa namba 115 bila malipo na usafiri unatafutwa. Umeokoa watu na tunaushukuru. Lakini aliyeanguka mkorosho, aliyegongwa na pikipiki, aliyeng'atwa na nyoka shambani, huyo bado anasubiri ndugu wachange. Chama kinataka kuwa na mfuko wa usafiri wa mgonjwa wa dharura. Tutanunua machela ngumu zenye mikanda pamoja na kola za shingo, moja moja kwa kila kijiji chetu, zikae mahali panapojulikana na ufunguo uwe kwa watu wawili. Tutalipia vijana wachache wafundishwe kumnyanyua majeruhi. Na tutaingia makubaliano ya maandishi na wenye magari: ukipigiwa simu na mwenyekiti wa kijiji saa yoyote, unawasha gari, malipo yako kwenye mfuko. Hakuna mtu kuuliza nani amechanga. Gari la wagonjwa la kwetu wenyewe lilipendekezwa pia. Nililipinga, na niseme hapa wazi sababu yake. Kununua gari ni fedha ya mara moja, watu huichanga kwa furaha na kupiga picha. Matairi, dereva, bima na mafuta ni fedha ya kila mwezi, na hiyo hakuna anayeipigia picha. Nimekagua hesabu za vyama vingi vyenye gari lililolala juu ya mawe.

Abebe hakukosa gari, hakukosa nishani wala Mfalme wa kumlipia. Alikosa mtu wa kupita barabarani usiku ule. Mzee wetu, hilo ndilo jibu langu, na kama halikutosha tutaendelea kwenye mkutano mkuu.

Mbio zitakuwa za kilomita 5 na kilomita 10, zitaanza asubuhi kabla jua halijakali. Mchango wa mkimbiaji ni shilingi 10,000. Wanafunzi watakimbia bure. Asiyeweza kukimbia atatembea, na aliye mbali atakimbilia alipo na kutuma mchango wake kupitia katibu wa tawi. Watakaopenda kumuenzi Abebe kwa kuvua viatu mita za mwisho wanaruhusiwa. Njia itafagiwa miiba siku moja kabla, vijana wa kufanya kazi hiyo wajiandikishe. Kila mchango, hata wa shilingi 500, utapata stakabadhi, na taarifa ya mapato na matumizi itabandikwa ofisi ya kata ndani ya siku 30. Filimbi ya kuanza atapuliza binamu yangu. Ameshaomba aletewe mbili, moja ya akiba.